Wazoefu wawili wameachwa katikati ya msimu: tuwasajili?

SWALI

Yambo, yaya kocha. Mimi ni katibu wa klabu ya mpira wa kikapu hapa Lubumbashi. Mzunguko wa kwanza wa michuano ya mji umekwisha na sisi ni wa tatu. Klabu moja ya upande wa Kolwezi imepunguziwa pesa na mfadhili wake, ikawaachia wachezaji wawili wazoefu. Mmoja ni mwongozaji wa mchezo, yule anayepandisha mpira na kugawa pasi, miaka 35, aliyewahi kuvaa jezi ya taifa. Wa pili ni pivoti, yaani mrefu wa kucheza chini ya kikapu, miaka 34, urefu wake mita 2 na sentimita 3. Wote wanakubali kuja. Rais wetu anawataka wote wawili kabla wiki haijaisha. Kocha wetu anasita, kwa kuwa mwongozaji wetu ni kijana wa miaka 20 na ndiyo kwanza ameanza kuishika timu. Tuwachukue? Na kabla ya kutia sahihi tuangalie nini?

JIBU

Mdogo wangu, yambo. Pivoti mchukueni, goti lake likiruhusu. Mwongozaji mwacheni. Najua rais hatapenda, maana kati ya hao wawili mwenye jina ni mwongozaji, na ndiye atakayejaza watu uwanjani. Lakini nimekaa kwenye benchi miaka mingi, na uamuzi wa namna hii uliwahi kuniharibia msimu mzima. Nitakueleza sababu zangu zote.

Anayeingia katikati ya msimu amekosa wiki za maandalizi, na hizo hazinunuliki. Wenzake wameshazoeana. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kazi yake inahitaji mazoea kiasi gani? Pivoti anapanda kuchukua ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, anaweka skrini, yaani anasimama kumzibia njia adui anayemfuata mwenzake, anaziba njia ya kikapu, anapaza sauti kule nyuma ili wenzake wajue adui anatokea wapi. Hayo aliyajua zamani, na ni yale yale Kolwezi, Kinshasa au hapa. Mazoezi matatu yanatosha aanze kusaidia. Mwongozaji ni habari nyingine. Lazima ajue kwamba huyu anapenda mpira akiwa kona ya kushoto, yule akipewa pasi ya chini anaupoteza, pivoti anageukia bega gani. Hayo yanajengwa kwa miezi. Na zito zaidi, mpira ni mmoja: akiushika yeye, kijana wenu haushiki.

Tazama kule ambako jambo hili limekuwa soko kamili. Katika NBA, ligi kuu ya Marekani, dirisha la kubadilishana wachezaji likishafungwa mwezi wa Februari, timu ambazo msimu umezishinda huanza kuwaachia wazoefu wao. Mara nyingi mchezaji anasamehe sehemu ya mshahara uliobaki ili awe huru. Kwa saa 48 timu nyingine zinaweza kumchukua pamoja na mkataba wake. Asipochukuliwa, anakwenda anakotaka. Sharti awe ameachiwa kabla tarehe 1 Machi haijapita, la sivyo timu yake mpya haiwezi kumtumia katika mechi za mtoano. Na tangu makubaliano ya 2023, timu zinazotumia pesa kupita kiwango fulani zimezuiwa kuwasajili walioachwa wenye mishahara mikubwa, maana majina yalikuwa yakikimbilia kwa wenye nguvu.

Waliofaulu katika soko hilo wanafanana. Peja Stojaković aliachwa na Toronto Januari 2011, Dallas wakamchukua. Alikuwa na miaka 33 na miguu imechoka, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kusimama pembeni na kutupa. Mei ya mwaka huo, mechi ya nne dhidi ya Lakers, alitupa pointi tatu mara sita na zote sita zikaingia. Dallas wakawa mabingwa. Marco Belinelli na Ersan Ilyasova waliachwa na Atlanta Februari 2018, wakaenda Philadelphia, timu ya vijana, nayo ikamaliza msimu kwa kushinda mechi 16 mfululizo. Hawa watatu hawakuhitaji kukaa na mpira. Uliwafikia, wakautupa au wakaupitisha.

Sasa geuza upande. Deron Williams, mwongozaji aliyekuwa nyota, aliachwa na Dallas Februari 2017, akaenda Cleveland kuwa msaidizi wa Kyrie Irving, mwongozaji wao wa kwanza. Katika fainali dhidi ya Golden State karibu hakufunga kitu. Andre Drummond alikwenda Lakers Machi 2021. Ni pivoti, ndiyo, lakini pivoti aliyezoea kuletewa mpira chini ya kikapu. Lakers walitolewa na Phoenix raundi ya kwanza. Kuumia kwa nyota wao Anthony Davis kulichangia sana, lakini katika mechi ya sita, ya mwisho, kocha hakumwingiza Drummond hata dakika moja. Kwa hiyo usiridhike na neno "pivoti". Uliza kama ni pivoti wa kufanya kazi au wa kuletewa.

Yuko mmoja anayeipinga kanuni yangu, na sitamficha. Boris Diaw aliachwa na Charlotte Machi 2012, San Antonio wakamchukua. Alikuwa mtu wa pasi, mchezo ulipita mikononi mwake. Lakini alimkuta pale Tony Parker, rafiki yake tangu ujana, na ubingwa ulikuja Juni 2014, alipoingizwa kikosi cha kwanza kuanzia mechi ya tatu ya fainali dhidi ya Miami. Misimu miwili ilikuwa imepita. Ninyi hamna misimu miwili ya kumsubiri mtu wa miaka 35.

Mfano ulio karibu zaidi na moyo wangu ni wa mtoto wa mji huu. Bismack Biyombo alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1992. Mei 2016, akiwa Toronto, alichukua ribaundi 26 katika mechi moja ya fainali ya Kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland. Msimu wa 2021-22 ulianza bila yeye. Baba yake alikuwa amefariki. Januari 2022, wakati korona imepunguza wachezaji katika timu nyingi, Phoenix walimpa mkataba wa siku 10, kisha wakambakiza hadi mwisho wa msimu. Mshahara wake wote wa msimu huo aliutoa ijengwe hospitali huku nyumbani kwa heshima ya baba yake. Januari 2024 Memphis wakamwacha. Mwezi uliofuata akachukuliwa na Oklahoma City, timu ya vijana iliyomaliza ya kwanza Kanda ya Magharibi. Februari 2025 akaingia San Antonio. Mara tatu, katikati ya msimu! Makocha hawamwiti kwa ajili ya pointi. Wanamwita kwa sababu akifika leo, kesho anaingia uwanjani na hakuna mwenzake atakayelazimika kubadili anavyocheza. Pivoti wenu mumpime kwa hilo.

Msimu wangu ulioharibika ulikuwa hivi. Klabu niliyokuwa nafundisha ilimleta mfungaji mzoefu aliyeachwa na timu ya mji mwingine. Mechi ya kwanza alifunga pointi 24, uwanja mzima ukaimba jina lake. Mechi ya tano niliona kitu ambacho hakiandikwi kwenye karatasi ya mechi. Kijana wetu wa pembeni alipata pasi akiwa peke yake, hakuna aliyemfuata, na kabla hajakiangalia kikapu macho yake yakaenda kumtafuta mzee. Mwezi mmoja nyuma angetupa papo hapo. Msimu ulipokwisha mzee aliondoka, na kijana yule alichukua karibu mwaka mzima kurudi alivyokuwa. Mzee hakuwa na kosa. Mimi ndiye sikumwambia mtu yeyote mpaka wa kazi yake.

Tangu hapo nafanya hesabu kwanza. Mechi yetu ina robo nne za dakika 10, wachezaji watano uwanjani, jumla dakika 200. Kocha wenu aandike kila jina na dakika anazopata sasa. Halafu aandike dakika za mgeni na, mbele yake, jina la atakayepunguziwa. Pivoti akipewa 15, zinatoka kwa nani? Kama zinatoka kwa yule mchezaji wa mbele mnayemlazimisha kulinda chini ya kikapu ingawa ni mfupi, ambaye robo ya nne inamkuta ana makosa manne, mnafaidika mara mbili: mmepata urefu, na yeye anarudi mahali anapopaweza. Mwongozaji akipewa 20, zote zinatoka kwa kijana. Rais aione karatasi hiyo kwa macho yake.

Sasa goti. Usimpime kwa kutupa. Mkono wa mzoefu hauzeeki haraka. Afanye mazoezi na timu dakika 90, na ndani yake acheze watatu kwa watatu uwanja mzima mpaka achoke. Mpira ukipotea, mtazame hatua zake tatu za kwanza: anakimbia kurudi, au anageuka akitembea? Akishuka na ribaundi, anatua kwa miguu yote miwili au mmoja anauonea huruma kila mara? Halafu, na hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea, mwiteni tena kesho yake saa moja asubuhi. Akae kwenye kiti, anyooshe miguu, magoti yote mawili yawe wazi. Goti zima lina kibonde kidogo kila upande wa pia ya goti. Goti lililojaa maji kibonde hicho kimepotea, na ukilibonyeza kwa kidole gumba unahisi linabonyea kama chapati mbichi. Kisha ashuke ngazi bila kushika ukuta. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji, kila kishindo kinarudi mguuni, na mtu anaweza kucheza vizuri Jumamosi asiweze kuinuka Jumapili. Goti likiwa limevimba asubuhi hiyo, aende kwa daktari kwanza, pesa baadaye.

Kuhusu sababu ya kuachwa: mfadhili kukata pesa ni sababu ya kweli, lakini haisemi kwa nini wameanza na hao wawili. Msimuulize rais wa klabu yao. Muulizeni anayebeba mipira na maji, na mchezaji mmoja kijana wa kule. Hao wanajua nani hufika mazoezini wa kwanza na nani hununa akitolewa.

Karatasi hazichukui muda mrefu kuzieleza, ila zinaweza kuwanyang'anya pointi. Someni kanuni za michuano yenu mjue mwisho wa kusajili ni lini. Pateni barua ya klabu yake inayosema imemwachia na haimdai kitu. Kama leseni yake ya mwisho ni ya nchi nyingine, tuseme Zambia, FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, inadai barua ya kumwachia kutoka shirikisho la huko, na hiyo msiisubiri wiki ya mwisho. Malipo yawe ya mwezi kwa mwezi, na yasizidi sana yale ya wachezaji wenu bora, maana chumba cha kuvalia hakina siri.

Kabla hajatia sahihi, kocha mwenyewe amwambie, rais akiwepo: "Mzee, tunakuhitaji kwa dakika 15. Ribaundi, skrini, na sauti yako kwenye ulinzi. Mechi nyingine zitakuwa dakika 8." Kisha akae kimya amsikilize. Akiuliza atakuwa anacheza na nani, ni dalili njema. Akiuliza nani ataanza, mrudie tena maneno yaleyale, na akisita, mshukuru na mwachane kwa heshima.

Mwongozaji ningemchukua kwa hali moja tu: kijana wenu akiumia, au mkiwa hamna mwingine wa kupandisha mpira mnapobanwa uwanja mzima. Hata hapo ni dakika 8 hadi 10, na aambiwe kijana akiwepo. Kama hali hiyo haipo, mpigieni simu leo hii mumwambie hapana. Ana familia, huenda timu nyingine inamtafuta, na kwa umri wake kila wiki anayokaa bila klabu inampunguzia nafasi ya kumaliza msimu uwanjani.