Kumpima mtoto anayesomea nyumbani

Binti yangu alikuwa darasa la tatu nilipoanza kumfundisha nyumbani kwetu Tabata, kwa sababu maumivu ya selimundu yalikuwa yakimkosesha masomo karibu kila mwezi. Jina lake lilibaki katika orodha ya shule ya jirani kwa makubaliano na mwalimu mkuu, na ninamsihi mzazi mwenye hali kama yangu asiiruke hatua hiyo: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na ni kupitia shule hiyo atakapofanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.

Miezi ya mwanzo nilimpima kwa mazoezi niliyoyatunga mwenyewe, nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuridhika kila alipopata nane kwa kumi. Alama hizo zilinidanganya, kwani swali nililitunga mimi kwa maneno yaleyale niliyomfundishia jana yake, na mtoto alikuwa akiikumbuka sauti ya mama yake zaidi ya somo lenyewe.

Kilichonizindua ni hesabu moja ya kutoa. Nilimpa 402 kutoa 178, naye akaandika 376. Badala ya kuweka alama ya kosa na kuendelea, nilimwomba anieleze alivyofanya. "Mama, nane haitoki kwenye mbili, kwa hiyo nimetoa mbili kwenye nane." Nikafunua kurasa za nyuma, nikakuta karibu kila jibu alilokosa limefuata kanuni hiyohiyo aliyojitungia, kosa ambalo kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiliita uzembe. Tulichukua njiti za kiberiti, tukazifunga kumi kumi kwa mpira, nikampa vifurushi vinne na njiti mbili, nikamwambia anipe njiti 18. Alivitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua kifurushi kimoja mwenyewe. Siku hiyo sikuandika alama yoyote, katika daftari langu la kumbukumbu niliandika tarehe na maneno haya: "Amefungua kumi bila kuelekezwa." Sentensi hiyo ilinionyesha la kufundisha kesho yake, jambo ambalo nane kwa kumi haikuwahi kunionyesha.

Kwa kusoma, usimpime kwa kitabu alichokizoea. Binti yangu alikuwa amekariri kurasa nzima za kitabu chake cha Kiswahili, na niligundua hivyo nilipofunika picha kwa kiganja akasimama katikati ya sentensi. Sasa ninampa aya asiyowahi kuiona, mara nyingi habari fupi ya gazetini, aisome kwa sauti, kisha afunge gazeti na kunisimulia kwa maneno yake.

Hesabu za fedha tunazimalizia dukani kwa Mangi: kabla hajatoka na noti ya 5,000, ananitajia chenji atakayorudi nayo.

Mwisho wa muhula ninatumia mitihani ya miaka iliyopita ya Baraza la Mitihani, lakini simsimamii mimi. Anasimamiwa na mama yake mdogo, kwa muda uliowekwa, kwa sababu nilijigundua kwamba nikikaa karibu namsaidia hata kwa kukunja uso. Na siku ya maumivu hakuna kupima kabisa. Matokeo ya siku hiyo yanapima ugonjwa, na si haki kuyaandika mahali popote.

Uandishi wake ninaupima kwa barua. Kila mwisho wa mwezi anamwandikia bibi yake aliyeko Korogwe, nami ninabaki na nakala yenye tarehe, bila kuisahihisha. Barua ya Machi ilikuwa na sentensi nne zisizo na nukta hata moja, zote zikianza na neno "mimi". Katika barua ya Septemba amemweleza bibi jinsi mvua ilivyoingia jikoni kwetu, akamuuliza kama mbuzi wake amezaa, na alama ya kuuliza ameiweka mwenyewe.