Kesi imeisha, usingizi haujarudi

SWALI: Mbukwenyi mtaalamu. Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo, nina miaka 58. Mwaka 2015 mtoto wa baba mdogo alinifungulia kesi ya shamba la ukoo. Nilishindwa kwenye Baraza la Ardhi, nikakata rufaa Mahakama Kuu, faili likarudishwa lisikilizwe upya, kisha tukapanda tena juu. Mwaka jana nikashinda. Ng'ombe nimewamaliza kwa nauli na mawakili. Ajabu ni kwamba tangu hukumu itoke ndiyo nazidi kuumwa. Naamka saa nane usiku na silali tena. Namba nisiyoijua ikipiga, moyo unanienda mbio. Nikipita karibu na mahakama natokwa jasho. Jamaa naye anatamba kwamba ataenda mpaka Mahakama ya Rufani. Nanunua vidonge vya usingizi duka la dawa. Mke wangu anataka niende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ila watu kijijini watanionaje? Huu ni ugonjwa gani, na mtu hupona?

JIBU: Pole sana mzee wangu. Nianze na la mwisho: ndiyo, watu hupona hali kama yako.

Kwa ulivyoeleza, dalili zako zinaelekea kwenye tatizo la akili linaloletwa na msukosuko mzito wa maisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hali hiyo kwa kawaida huanza ndani ya mwezi mmoja tangu msukosuko utokee, na mara nyingi huisha ndani ya miezi 6, isipokuwa kama msukosuko wenyewe unaendelea. Kwako ndipo penye kiini cha jambo. Kesi ya ardhi ni mapigo mengi yanayorudiwa kwa tarehe. Siku tatu kabla ya tarehe hulali, mwili unamwaga homoni za kukabili hatari, presha inapanda. Unapanda basi alfajiri na mashahidi wako. Unafika, unaambiwa mwenyekiti wa Baraza yuko safarini au wakili wa upande wa pili ana udhuru, shauri litatajwa mwezi ujao. Umejiandaa kwa pambano ambalo halikutokea, na unarudi nyumbani na maandalizi yote yakiwa bado mwilini. Ukiishi hivyo miaka mingi, ubongo unajifunza kwamba kutulia ni hatari. Hukumu inamaliza shauri, lakini haifuti mazoea hayo. Yanaondolewa kwa mazoezi, na ndiyo maana kungoja tu hakujakusaidia.

Lipo na lingine. Wakati wa kesi ulikuwa na kazi ya kukushikilia: nyaraka, mashahidi, nauli. Sasa umepata nafasi ya kuona ulichopoteza: ng'ombe, miaka, na undugu na mtu mliyekua pamoja. Huo ni msiba, hata kama umeshinda. Wanaokuambia "shukuru, shamba si limerudi" wanakunyima haki ya kuomboleza.

Tuanze na usingizi, maana ukirudi mengine hulegea. Chagua saa moja ya kuamka, uifuate kila siku hata kama hukulala. Usilale mchana, hata kidogo. Ukiamka usiku ukaona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, toka kitandani, kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukikuvuta. Usitazame saa wala simu. Wiki ya kwanza, pengine na ya pili, utachoka kuliko sasa; usiache. Pombe usiifanye dawa: inakulaza saa nne na kukuamsha saa nane.

Mawazo ya kesi yapangie muda. Kila siku saa kumi na moja jioni, kwa dakika 20, andika kwenye daftari kila linalokusumbua, kisha lifunge. Yakija usiku, yaambie zamu yake ni kesho jioni. Na lile faili kama liko chumbani, toa nakala, zile halisi akutunzie mtu unayemwamini. Najua wazee wanaosoma hukumu usiku wa manane kana kwamba maneno yatabadilika.

Usiikwepe barabara ya mahakamani. Kukwepa kunaupa woga nguvu. Nenda na kijana wako siku isiyo na shughuli, simameni mbali, mkae mpaka mapigo ya moyo yashuke yenyewe. Rudieni siku nyingine mkisogea kidogo. Simu za namba ngeni nazo pokea mchana, ukiwa umekaa na watu.

Kuhusu Rufani, wasiwasi wako una sababu, kwa hiyo upatie jibu la maandishi. Anayetaka kupinga uamuzi wa Mahakama Kuu anatakiwa kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30. Zikipita, lazima aombe kuongezewa muda na atoe sababu za kutosha. Mwambie wakili wako aulize masjala kama kuna chochote kilichofunguliwa, akuandikie. Majigambo ya kilabuni si hati ya mahakama.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Dawa nyingi za usingizi za jamii ya dayazepamu huzoeleka ndani ya wiki chache, kisha mtu analazimika kuongeza dozi. Kama umezitumia kila usiku kwa muda, usiziache ghafla: usingizi unaweza kuharibika zaidi, na kwa wengine hutokea degedege. Hupunguzwa polepole chini ya daktari.

Sasa Mirembe. Mama hajakosea. Mirembe ina kliniki ya wagonjwa wa nje, watu wanaingia asubuhi, wanazungumza na mtaalamu na kurudi majumbani. Ukiona uzito, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, upimwe na presha. Mtaalamu atakuuliza pia kuhusu sonona: kama kwa wiki 2 au zaidi, sehemu kubwa ya siku, umekosa furaha au hamu, hata ya kwenda kupogoa mizabibu. Atakuuliza kama uliwahi kutishiwa maisha katika ugomvi huu, kwa sababu hapo tiba hubadilika. Mjibu kwa uwazi. Na kama yamekujia mawazo ya kujiua, au ya kumdhuru ndugu yako, usingoje tarehe ya kliniki: nenda leo, mama akiwa nawe.

Siku ya kwenda beba maboksi ya vidonge vyote ulivyonunua, hata yaliyokwisha, na umweleze daktari umevitumia tangu lini na vingapi kwa usiku.