Barua kwa Mwanangu Anayefundisha Kiingereza Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Nansio nimeipata. Unaniuliza ni sifa zipi hasa zinazomfanya mwalimu wa lugha ya pili afanikiwe, kwa maana Kiingereza chako ni kizuri, lakini wanafunzi wako wa kidato cha kwanza huinamisha vichwa kila unapowauliza swali. Nakujibu kama baba yako, na kama mtu aliyefundisha somo hilohilo hapa Mwanza hadi kustaafu.

Ufasaha wako ni wa lazima, kwani mtoto hawezi kuiga asichokisikia. Hata hivyo, mwalimu wa lugha ya pili mimi humpima zaidi kwa namna anavyolipokea kosa la mwanafunzi. Mwaka 1967, mwanaisimu Mwingereza S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo wa lugha anaoujenga kichwani, na kwamba mwalimu akiyachunguza atajua mwanafunzi huyo amefika wapi na amebakiza nini. Wanafunzi wako wengi wamekua wakisema Kikerewe, Kijita au Kisukuma, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Mmoja wao anapomtaja mama yake kwa kiwakilishi cha mwanamume, usidhani hakukusikiliza. Lugha zote alizokua nazo hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Mwalimu anayekijua chanzo hicho hakasiriki, tena anajua zoezi la kesho liwe lipi. Ndiyo maana kuzifahamu lugha za wanafunzi, japo kwa kiasi, ni jambo ninalolithamini kuliko lafudhi nzuri. Wewe uliyelelewa kwa Kisukuma, jifunze Kikerewe, nawe utaonja upya ugumu wanaoupata wao.

Kusahihisha nako kuna namna yake. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, na mwaka 1997 wakaandika kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kuirudia tu sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na kwamba njia hiyo ndiyo iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi kujirekebisha. Mwulize mtoto alikusudia kusema nini, mpe kidokezo, kisha mwache aitengeneze sentensi yake mwenyewe. Kisha umsubiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, aliwakuta walimu wa sayansi wakisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na walipofikisha sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakazungumza. Hao walikuwa wakijibu kwa lugha yao ya kila siku. Sembuse wako, ambao lazima kwanza watafute maneno!

Jambo la kuzungumzia nalo liwe wanalolijua. Waache wakueleze jinsi dagaa wanavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mwaloni, kwa sababu hapo kigeni kitakuwa lugha peke yake. Wagawe wawiliwawili ili hata katika darasa kubwa kila mtoto apate zamu ya kusema, na yule mwenye haya aanze kukosea mbele ya mwenzake mmoja kabla ya kusimama mbele ya wote.

Umesema pia kwamba hapo shuleni anayesikika akisema Kiswahili huvalishwa kibao shingoni. Mwanangu, jambo hilo linaniuma. Mtoto anayeaibishwa kwa lugha anayoiweza atanyamaza katika zote mbili, na ukimya unaoulalamikia darasani huenda umeanzia huko nje. Zungumza na mkuu wako wa shule kwa heshima, faraghani, na darasani kwako kibao hicho kisiingie. Ukiona kanuni ya sarufi imewashinda, ieleze kwa Kiswahili kwa dakika moja au mbili, halafu urejee kwenye Kiingereza na uwape nafasi ya kuitumia papo hapo.

Utakapovuka kuja likizo, uje na madaftari machache ya insha, hasa yale yenye makosa mengi, tuyasome pamoja. Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.