Filta mpya, mbona oili inavuja?

SWALI: Shikamoo fundi. Jumamosi nilibadilisha oili na filta ya gari yangu, Toyota IST, injini 1NZ, hapa nyumbani Morogoro. Kuwasha tu, oili ikamwagika kwenye filta. Nimekaza mpaka mkono unauma, bado inavuja.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikaze tena, wala usiwashe gari. Fungua hiyo filta upitishe kidole pale inapokaa kwenye injini. Mara nyingi raba ya filta ya zamani hubaki imeganda pale, nyeusi, kwa macho huioni. Raba mbili zikikutana hazishiki. Yalinikuta mwaka wangu wa kwanza gereji, oili yote mpya ikaenda chini na mwenye gari kasimama pembeni. Tangu siku hiyo kidole changu hutangulia. Bandua hiyo raba ya zamani, futa kwa kitambaa safi, paka raba mpya oili kidogo, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia tu. Injini hiyo inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Jazia iliyomwagika, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano ndipo upime kwa stiki. Oili chafu iweke kwenye dumu uipeleke gereji, usiimwage mtaroni, tafadhali; maji ya mtaro ndiyo yanayomwagilia mchicha huko chini.