Mihimili ya nyuma ya Escort imeoza: bati juu ya kutu si matengenezo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Ford Escort Mk2 ya mwaka 1978 niliyoachiwa na marehemu baba. Miaka yote imelala Kilifi, karibu na bahari. Juzi nimeipiga jeki, bisibisi ikazama kwenye mhimili wa nyuma upande wa kushoto, pale springi inapofungwa. Fundi mmoja aniambia atapiga bati juu na kuchomelea, asubuhi naileta, jioni naondoka nayo. Mwingine ataka kuweka chuma kinene cha U, kile cha mageti. Nimfuate yupi? Na naweza kuendelea kuiendesha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho: usiiendeshe, hata kufika dukani. Ekseli ya nyuma ya Escort imeshikwa na springi za mabamba, na springi hizo zimefungwa kwenye mihimili hiyo miwili. Kila ukikanyaga mafuta au breki, nguvu ya magurudumu ya nyuma inapitia hapo. Kishikio cha mbele cha springi kikichomoka ukiwa barabarani, ekseli inakaa mshazari na gari linajiendea litakako. Lipeleke gereji juu ya lori.

Kati ya mafundi hao wawili, usimfuate yeyote.

Escort haina chasisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi. Mhimili wa nyuma ni bati lililokunjwa umbo la U, midomo yake ikachomelewa kwa doti chini ya sakafu ya buti, na sakafu ikawa kifuniko. Nguvu yake yote inatokana na kule kufungika pande zote nne. Tope na chumvi vikiingia ndani havitoki, kwa hiyo kutu huanzia ndani, na tundu unaloliona nje ni dalili ya mwisho. Ukichomelea bati juu yake, umelishikiza kwenye chuma ambacho kimeshakuwa karatasi, tena umeufungia unyevu ndani. Hicho chuma cha geti nacho ni kigumu kupita kiasi: mhimili hautapinda pale kilipo, utapasuka pale kinapoishia, chuma kinene kinapokutana na bati jembamba.

Kilichooza kikatwe chote. Kabla ya kukata, gonga mhimili kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti iliyokufa na kumwaga unga. Kagua upande wa kulia pia, na sakafu iliyo juu ya mihimili, na kingo za chini ya milango. Ukikuta vyote hivyo vimekwisha, ni afadhali kutafuta bodi nyingine iliyo nzima.

Kazi yenyewe inataka subira kwenye vipimo kuliko kwenye moto. Weka gari juu ya stendi, sakafu ya saruji iliyo sawa, stendi zikishika sehemu nzima za bodi. Toa ekseli, springi na ekzosi. Toa tangi la petroli na ulipeleke mbali, nje ya gereji, uzibe na mipira ya mafuta. Ondoa mazulia, fungua nyaya za betri na za altaneta. Milango iache mahali pake, maana nafasi kati ya mlango na bodi itakuambia mapema kama gari linakunjika. Kisha chukua timazi. Iteremshe kutoka katikati ya kila tundu la springi, mbele na nyuma, pande zote mbili, na utie alama ya chaki sakafuni. Pima marefu, mapana, halafu pima mkingamo kona kwa kona. Andika ukutani. Mikingamo miwili ikitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi, bodi ilishapinda zamani, na hilo lirekebishwe kwanza.

Kata upande mmoja tu, umalize kabisa, ndipo uende wa pili. Ukikata yote miwili pamoja, umepoteza cha kupimia. Doti za kiwandani zitoboe kwa drili ya milimita 8, usizing'oe kwa patasi, ili sakafu ibaki nzima. Kiungo cha kipya na cha zamani kisiangukie kwenye kishikio cha springi wala kwenye mpindo wa juu ya ekseli. Tafuta sehemu iliyonyooka, tia kipande cha ndani cha kuunganishia, uache upenyo wa milimita 1.

Vipande vya mhimili bado vinatengenezwa Uingereza, kwa kuwa Escort ina wapenzi wengi wa mbio. Dereva wa Sweden, Björn Waldegård, alishinda Safari Rally mwaka 1977 kwa Mk2 kama yako. Sehemu iliyonyooka fundi wa kukunja bati anaweza kukutengenezea kwa chuma cha milimita 1.5 hadi 2. Kishikio cha mbele cha springi usikibuni, kiagize.

Kuchomelea kuwe kwa mashine ya waya na gesi, waya wa milimita 0.8. Rodi za kawaida hutoboa bati jembamba. Shikiza kwanza kwa nukta chache, rudisha springi na ekseli kwa majaribio, teremsha timazi tena. Namba zikilingana na zile za ukutani, ndipo uchomelee vipande vifupi vifupi, ukirukaruka, ukiacha pakipoa. Penye midomo toboa matundu ya milimita 8 na uyajaze kwa kuchomelea. Ukikutana na bati la mabati, saga zinki yote kwanza. Moshi wake unaleta homa.

Bati likutanapo na bati, paka rangi ya zinki, ile ya kuchomelewa juu yake, kabla ya kuchomelea. Mwisho nyunyizia nta ndani ya mhimili kwa mpira mrefu mpaka itokee kwenye vitundu vya kutolea maji, kisha vizibue vitundu hivyo kwa waya. Kilifi hapo, rudia nta kila mwaka kabla ya masika, na ukague mpira wa mlango wa buti: maji yanayoozesha mihimili hii huingilia juu pia, siyo chini tu.