Kilimia, kundi la nyota, kiko mbali kiasi gani? Majibu kwa wasomaji wa Lamu

Mwalimu, nyota hatuzifikii. Umbali wake wapimwaje? (Msomaji, Langoni)

Simama pwani, tazama mlingoti wa jahazi lililotia nanga, nyuma yake mikoko ya Manda. Sasa sogea hatua tatu kushoto: mlingoti umeuhama mkoko uliokuwa nao sawa. Jahazi likiwa karibu huhama sana, likiwa mbali huhama kidogo. Hiyo ndiyo paralaksi. Hatua zetu tunapigiwa na Dunia: baada ya miezi 6 iko upande wa pili wa Jua, kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Mikoko yetu ni galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, za mbali mno. Mhamo huo hupimwa kwa antena za redio.

Kwa nini redio, si darubini ya kioo? (Mkomani)

Nyota changa huzaliwa ndani ya vumbi zito. Mwanga hukwama humo, mawimbi ya redio hupenya. Tena antena zilizotengana huunganishwa zikafanya kazi kama moja. VLBA, mtandao wa antena za redio wa Marekani, ina antena 10, kutoka Hawaii hadi kisiwa cha St. Croix, zaidi ya kilomita 8,000. Kwa hizo, mwaka 2007 kitalu cha nyota cha Orion kilipatikana kiko miaka ya nuru kama 1,350 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mhamo wake wote angani ni kama upana wa ukucha, sentimita 1, ukiwa Nairobi nawe umekaa Lamu. Kila nikilifikiria hilo huutazama ukucha wangu, nikastaajabu.

Na Kilimia chetu? (Shela)

Swali hili nimelipenda. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, lakini umbali wake uliwagombanisha wataalamu miaka mingi. Setelaiti ya Hipparcos ya Ulaya ilitoa miaka ya nuru kama 390. Njia nyingine zilisema zaidi, na kama Hipparcos ingekuwa sahihi, hesabu zetu za jinsi nyota changa zinavyong'aa zingekuwa na kasoro. Mwaka 2014 antena za redio zikapata 444. Baadaye setelaiti ya Gaia ikakubaliana nazo. Mimi naona huo ni ushindi mkubwa wa redio.

Mawingu ya masika hayaharibu kipimo? (Matondoni)

Mawingu hupenywa. Kinachosumbua ni mvuke wa maji, huchelewesha mawimbi, tena kila antena kivyake. Kwa hiyo hutazamwa nyota, kisha galaksi iliyo kando yake, kisha nyota tena, kwa zamu za dakika chache, na ucheleweshaji huo ukaondolewa.