Mgonjwa anaitikia "ego", lakini dawa anakosea

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati moja wilayani Kibondo, mzaliwa wa Lindi. Wagonjwa wangu wengi ni Waha na Warundi. Nikiwaelekeza dawa wanaitikia "ego, ego", nikiuliza kama wameelewa wanasema ndiyo. Baada ya siku 3 wanarudi, vidonge vimebaki vingi au vimekwisha kabla ya wakati. Nifanyeje?

JIBU: Sista, pole na kazi. Hilo swali la "umeelewa?" liache kuanzia leo. Mzee aliyeketi mbele ya mtu wa sare hawezi kukujibu hapana. Ataona amekukosea adabu, tena foleni nzima inasikia. "Ego" ni ndiyo, lakini hapo mara nyingi anakuambia tu kwamba anakusikia.

Beba lawama wewe: "Mama, leo nimeongea haraka. Hebu nionyeshe, jioni utakunywaje?" Mpe pakiti mkononi, unyamaze. Najua kunyamaza ni kazi foleni ikiwa imefika mlangoni. Vumilia. Akimimina vidonge vitatu kiganjani kwa mkupuo, umeshajua tatizo liko wapi. Sisi tunaandika 1 x 3 na kutamka "kutwa mara tatu", lugha ya dirisha la dawa. Panga vidonge mezani: hiki cha asubuhi, hiki cha mchana, hiki cha usiku. Kisha avipange yeye.

Sasa maneno. Kiha na Kirundi zinasikilizana. Anayeachwa nyuma ni wewe na mimi. Neno geni kabisa halina hatari, maana utauliza. Ogopa lile linalofanana na letu. Kwa Kirundi kidonge chochote ni ikinini, vingi ni ibinini. Mama akikuambia mtoto amemeza "kinini" tangu juzi, mkono unakimbilia kuandika kwamba alipewa kwinini, dawa ya malaria. Niliwahi kuandika hivyo, na mtoto alikuwa amepewa panadol ya dukani. Omba uone pakiti kwanza. (Na babu akikuambia "oya", hakuiti kihuni. Anakataa.)

Saa nayo iangalie, hasa kijana wa nyumbani akitega simu imkumbushe bibi. Umesema saa mbili usiku, yeye anaandika 2:00, simu inalia saa nane usiku wa manane. Mwambie aandike 20:00, au ufunge dozi na chakula cha jioni.

Mkalimani mzuri ni mhudumu wa afya wa kijijini anayejua lugha zote mbili. Akitafsiri, mtazame mgonjwa, na useme sentensi moja moja. Mtoto wa shule usimtumie ovyo: hakuna mama atakayemtaka mwanawe atafsiri kwamba anatokwa damu ukeni. Atakuambia kichwa kinauma, na wewe utampa dawa ya kichwa. Kama siku hiyo hakuna mwingine, mtoto aishie kwenye kikohozi na homa. Hayo mengine funga mlango, mbaki wawili, mwonyeshane kwa mikono.